Maharage ya usiku, bao la udongoni na nyota za Kilimia: majibu ya barua zenu

Barua za mwezi huu ni nyingi kwa sababu shule zinakaribia kufungwa, na karibu zote zinalia kilio kimoja, cha muda usiotosha na fedha isiyofika mwisho wa mwezi. Nimechagua saba. Aliyeuliza jambo dogo aniwie radhi jibu likiwa fupi, kwani yapo mambo mawili matatu ambayo nisingependa kuyapita mbiombio.

*Shikamoo Mwalimu. Ninafanya kazi katikati ya jiji na kurudi nyumbani saa moja na nusu usiku, na siku ya foleni hata saa mbili. Watoto wangu wanapenda maharage, nayo ndiyo mboga ninayoimudu, lakini nikiyabandika usiku yanaiva saa nne, watoto wamekwisha kulala na mkaa umeteketea. Friji dogo ninalo. Nifanyeje?*
*Mama wa watoto watatu, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Kinachoivisha maharage ni joto lililotulia ndani ya sufuria kwa muda mrefu, ilhali sehemu kubwa ya mkaa unaouchoma huishia kupasha joto hewa ya uani. Kwa hiyo tupunguze muda wa moto, tulinde joto, na tupike leo chakula cha kesho.

Kabla hujatoka asubuhi, chagua maharage, yaoshe, kisha yaloweke katika maji mengi, kwa kuwa yatavimba hadi kukaribia mara mbili ya ujazo wake. Ukirudi usiku, mwaga maji hayo, suuza, na utie maji mapya. Jiko likiwa limekwisha kukolea kwa ajili ya chakula cha usiku huohuo, bandika na sufuria ya maharage, uifunike, uyaache yatokote kwa nguvu dakika 20. Dakika 10 za kwanza za kutokota hazina mjadala, hasa kwa maharage mekundu, kwa sababu maharage mabichi yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha, na joto la chini lisilofikia kutokota haliiondoi sumu hiyo. Baada ya hapo ipua sufuria ikiwa ingali inatokota, usiifunue hata kidogo, na uitie katika kapu la joto.

Kapu la joto hulinunui, unalitengeneza. Tafuta kapu pana la ukindu au boksi gumu linaloizidi sufuria kwa upana wa kiganja kila upande. Chini tandika sufi, vipande vya godoro kuukuu, nguo zisizovaliwa tena au majani makavu ya mgomba, kwa unene wa kiganja hichohicho. Funga sufuria kwa kanga iliyochakaa ili masizi yasichafue, iweke katikati, shindilia pande zote kwa kitu kilekile ulichotandika chini, kisha weka mto mnene juu na uufunike kwa blanketi. Sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili, kwa sababu chakula kichache hupoa upesi na kapu halitakusaidia kitu. Mfuniko nao ukae barabara.

Ukiliweka kapu saa mbili usiku, lifungue saa tano au kabla tu hujalala. Rudisha sufuria kwenye makaa yaliyosalia au kwenye gesi, yatokote tena dakika chache, na uyaonje. Yakiwa tayari, isimamishe sufuria katika beseni la maji ya baridi ili yapoe haraka, gawa katika vyombo vidogo, na utie katika friji. Kesho yake utakuwa na kazi ya kukaanga kitunguu na kutia tui tu, na watoto watakula kabla ya saa mbili na nusu. Nakusihi usiyaache ndani ya kapu tangu alfajiri hadi usiku, kwani joto likishuka chini ya nyuzi 60 vijidudu huanza kuzaliana, na chakula kitakuwa kimeharibika kabla pua haijagundua.

Wengi huniandikia kwamba kapu limewashinda, na nikichunguza nakuta kosa liko kwingine. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto huwa magumu hata uyapike vipi. Nunua kwa muuzaji ambaye mzigo wake unatoka upesi. Nyanya na ndimu zisitiwe kabla maharage hayajalainika, kwa sababu uchachu huyakaza. Maji ya visima vyenye chokaa nayo huchelewesha, hivyo ukiweza tumia ya mvua. Ama kuhusu magadi, ni kweli hulainisha, lakini huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni, na kwa watoto wanaokula maharage mara nne kwa wiki mimi siyashauri.

Wali pia hukubali kapu: utokote dakika tano, kisha ukae humo takriban saa nzima, bila ukoko. Jambo moja tu nitalirudia kila mwaka hadi nitakapokoma kuandika: jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya chumba cha kulala, hata kama mvua inanyesha na hata kama makaa yanaonekana kufifia. Hewa yake ya sumu haina harufu, na anayeivuta hupitiwa na usingizi asiamke.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dereva, na siku niliyo nyumbani ni Jumapili pekee. Watoto wangu wana miaka 7, 10 na 13, na siku nzima wanainamia simu. Mahali penye bembea na bwawa la kuogelea pana kiingilio nisichokiweza kwa watu watano. Nawezaje kuwa nao bila gharama?*
*Baba wa Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Usianze kwa kuwanyang'anya simu, maana Jumapili yenu itaanza kwa machozi na wewe huna Jumapili nyingine hadi wiki ijayo. Anza kwa kuinama uani na kuchimba mashimo bila kusema neno. Nina hakika kabla hujafika shimo la kumi, mdogo kuliko wote atakuwa amechuchumaa pembeni akiuliza unafanya nini.

Unachimba bao. Safu nne, kila safu mashimo manane, jumla 32, na kila shimo liwe na ukubwa wa kikombe cha kahawa. Kete ni 64. Asili yake ni komwe, zile mbegu za kijivu, ngumu, zinazoteleza mkononi, lakini kokoto za mviringo au maharage yaliyowashinda watu kuyaivisha yatafaa. Ikiwa uani kwenu kuna saruji, chukua trei mbili za mayai. Trei moja ya mayai 30 ina safu tano za vishimo sita. Kata safu moja ubaki na nne, kisha kutoka trei ya pili kata kipande cha safu nne zenye vishimo viwili viwili, ukishone ubavuni kwa uzi wa gunia. Hapo una bao kamili.

Kwa watoto usianze na bao kubwa lenye kanuni ngumu za nyumba na namua. Lipo bao la kujifunza. Kila shimo lipewe kete mbili, na kila mchezaji amiliki safu mbili zilizo upande wake. Anayecheza huchukua kete zote za shimo moja lenye kete mbili au zaidi, akazipanda moja moja katika mashimo yanayofuata, akizunguka katika safu zake mwenyewe tu. Kete ya mwisho ikiangukia shimo la safu ya mbele lenye kete, na shimo la mpinzani linalotazamana nalo lina kete pia, hizo za mpinzani ameziteka, na huzipanda katika safu yake ya mbele kuanzia kichwani, yaani shimo la pembeni kabisa, upande ule alikotoka. Ikiangukia penye kete lakini hakuna cha kula, huzichukua zote akaendelea kupanda. Ikiangukia shimo tupu, amelala, na zamu ni ya mwenzake. Asiyeweza kula kwa mkono wa kwanza hutakata tu, yaani huzungusha kete bila kuteka. Mchezo humalizika pale safu ya mbele ya mmoja inapobaki tupu, au anapokosa shimo la kuchezea.

Huyo wa miaka 13 atakufunga ndani ya mwezi mmoja, nawe usimwonee haya kumwambia amecheza vizuri. Huyo wa miaka saba, wakati huo, atakuwa amefanya hesabu za kujumlisha na kutoa mara mia tatu bila daftari, na mwalimu wake ataona tofauti. Nilipokuwa nikifundisha sayansi kimu, niliwahi kuwa na darasa lililojaa wasichana walioambiwa tangu utotoni kwamba bao ni mchezo wa wazee wa kiume barazani. Tulilichonga moja kwa kipande cha mninga. Waliondoka shuleni wakiwa mabingwa, na nakuomba kama una binti usimwache nje ya duara.

Wakichoka kukaa, chezeni rede. Wawili husimama pande mbili wakirushiana mpira wa soksi zilizoviringishwa, na wa katikati huukwepa huku akijaza mchanga katika chupa hadi ifurike. Wewe ukiwa mmoja wa warushaji, nyumba nzima ya jirani itatoka kutazama. Mdako na kombolela wanavijua wenyewe, ila pengine hawajawahi kuvicheza na baba yao.

*Mwalimu, shati jeupe la mwanangu halitakati shingoni, lina madoa ya kalamu na sasa limepata kutu kutoka kwenye waya wa kuanikia. Kununua jipya siwezi kabla ya Januari.*
*Mama Iringa*

Kutu kwanza, kwa sababu ndiyo inayozidishwa na haraka zetu. Usitie dawa ya kung'arisha yenye klorini, kwani huifanya kutu ishike zaidi. Nyunyiza chumvi juu ya doa, kamulia limau, anika juani hadi likauke, suuza, na urudie hadi doa lififie. Shingoni, lowesha shati, paka sabuni ya mche pale penye mstari wa jasho, liache nusu saa, kisha sugua kwa brashi laini ya meno. Kulisugua mara moja kwa nguvu nyingi kunakula kitambaa bila kutoa mafuta ya mwili yaliyojikita. Wino wa kalamu hutoka kwa spiriti: weka kitambaa kikavu chini ya doa, dondoshea spiriti kwa pamba, na usogeze kitambaa kila kinapofyonza rangi. Damu huoshwa kwa maji baridi tu, maana ya moto huigandisha. Utomvu wa ndizi uliokwisha kukauka sijaona kinachouondoa wote, kwa hiyo mtoto anayemenya ndizi na avue sare kwanza.

Kabla hujaanika tena, futa waya kwa kitambaa chenye mafuta ya taa au, vizuri zaidi, badili uweke kamba ya katani au ya plastiki. Na mtoto aliyefika darasa la pili anaweza kufua soksi zake mwenyewe kila jioni anapooga, jambo linalokuondolea jozi tano za Jumamosi.

*Mwalimu, msichana anayenisaidia kazi alichanganya dawa ya choo na ile ya kung'arisha nguo ili choo kitakate zaidi. Alikohoa hadi akashindwa kupumua vizuri. Je, ni mzio?*
*Msomaji wa Tanga*

Hapana, huyo alivuta sumu. Dawa ya kung'arisha yenye klorini ikikutana na tindikali, iwe ya choo, ya siki au ya limau, hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu, na ikikutana na vitu vyenye amonia hutoa gesi nyingine mbaya vilevile. Mtoe nje kwenye hewa safi mara moja, fungua milango yote, na kama kifua bado kinambana mpeleke hospitali leo hii, usisubiri kesho. Kisha kaa naye umweleze kwa upole, umwonyeshe chupa moja moja, na kama hasomi vizuri zifunge kwa kitambaa cha rangi tofauti. Dawa moja kwa siku moja yatosha.

*Shikamoo Mwalimu. Baada ya mavuno nilinunua magunia mawili ya mahindi Kibaigwa kwa bei nzuri ili tusihangaike hadi Machi. Sasa yameanza kutoa unga na wadudu, na mengine yana ukungu wa kijani. Jirani amenishauri nitie dawa ya kuulia mende. Nimekata tamaa.*
*Mama wa Dodoma mjini*

Marahaba, na usikate tamaa, ila jirani usimsikilize. Dawa ambayo haikuandikwa kwenye kifungashio kwamba ni ya kuhifadhia nafaka isiguse chakula cha watoto wako.

Una matatizo mawili, na lenye hatari zaidi si hao wadudu. Ukungu wa kijani kwenye mahindi unaweza kuwa na sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu na isiyoondolewa kwa kupika wala kwa kuosha. Mkoani kwenu hili si hadithi ya mbali, kwani mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walipoteza maisha kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Yamwage juani juu ya turubai, uyachague punje kwa punje pamoja na watoto wakubwa, na utoe kila punje yenye ukungu, iliyobadilika rangi, iliyosinyaa au iliyovunjika. Mabaya hayo yafukie, kuku wasipewe. Yaliyobaki yakoboe kabla ya kusaga, kwa sababu sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini, na dona kwa mahindi ya mashaka silishauri.

Kisha pima ukavu. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyoanikwa juani ikakauka, funga, tikisa kwa nguvu, na uiache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yaanike tena. Ikianguka yote chini, yako tayari kuhifadhiwa.

Hapo ndipo unapohitaji mifuko ya PICS, ambayo wengi huiita kinga njaa. Ina mifuko miwili ya nailoni nzito ndani ya kiroba kimoja. Jaza, kamua hewa yote, sokota mdomo wa mfuko wa ndani kabisa uufunge kwa kamba, halafu wa pili, halafu kiroba. Wadudu waliomo watamaliza hewa wenyewe na kufa, hata dumuzi, yule tishio lililoingia nchini kwa kuonekana kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Usifungue ovyo wiki za mwanzo, na uiweke juu ya mbao, mbali na ukuta na panya. Bei yake huzidi ya kiroba cha kawaida, lakini hutumika tena msimu unaofuata ikiwa haijatoboka. Kunde na maharage ya kilo chache huhitaji vitu vichache kuliko hivyo: dumu la lita tano lililooshwa, likakauka, likajazwa hadi shingoni pasibaki nafasi ya hewa, na kufungwa kifuniko kwa nguvu.

*Habari za kazi, Mwalimu. Mimi na mke wangu tuna watoto wawili wadogo na tunaweza kutoka Jumamosi moja tu kwa mwezi. Twende wapi hapa Dar es Salaam bila kuumia?*
*Kijana wa Tabata*

Nzuri, mwanangu. Nendeni Coco Beach, lakini nendeni kwa kufuata mwezi. Siku za mwezi mpevu na za mwandamo ndizo za bamvua, ambapo bahari hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu ya Dar es Salaam kupwa huko huangukia takriban saa nne asubuhi. Fikeni saa tatu, watoto wakiwa wamevaa viatu vya plastiki kwa ajili ya miamba na miiba, na mtakuta vidimbwi vilivyojaa kaa, konokono na samaki wadogo waliosahauliwa na maji. Watazame na kuwaacha walipo. Saa sita mwanze kurudi mchangani, kwa maana maji yakigeuka hujaa upesi kuliko hatua za mtoto. Ratiba husogea kwa karibu saa moja kila siku, na wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, hamtaona tofauti kubwa kati ya kujaa na kupwa. Mihogo ya kukaanga ya pale ni mizuri, ila mayai ya kuchemsha, karanga na maji bebeni kutoka nyumbani.

Mwezi wa pili, Makumbusho ya Taifa katika Mtaa wa Shaaban Robert, ambapo raia hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni, na ambapo utaweza kumsimulia mtoto habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale aliye jamaa wa mwanadamu, lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959. Bustani ya Botania iko jirani, nanyi mtakula chakula chenu kivulini. Mwezi wa tatu, Kijiji cha Makumbusho kando ya Barabara ya Bagamoyo, kwenye nyumba za asili za makabila mbalimbali. Watoto wakiingia na kutoka humo huuliza maswali ya kutosha njia nzima ya kurudi. Na mwezi ambao mfuko umetoboka kabisa, pandeni kivuko kutoka Magogoni hadi Kigamboni na kurudi. Kwa mtoto wa miaka minne hiyo ni safari ya meli.

*Salaam Mwalimu. Mimi ni bibi mwenzako, ninalea wajukuu wanne. Huku kwetu umeme hukatika jioni mara kwa mara, watoto huogopa giza na kugombana, na mishumaa naiogopa kwa moto. Nisaidie.*
*Bibi wa Mtwara*

Salaam, bibi mwenzangu. Unafanya vema kuiogopa mishumaa. Tandika mkeka uani, toeni tochi moja ya dharura, iweke karibu yako, na uizime.

Anza na vitendawili, lakini udai mji kikamilifu kama tulivyodaiwa sisi. Asiyejua jibu atoe mji, na aseme uko upande gani wa nchi na watu huusafiria vipi. Asipojua, mji haukubaliki na lazima atafute mwingine. "Kuku wangu katagia mwibani" watakijibu upesi kwamba ni nanasi, basi wape kazi ya kutunga vyao kutokana na vitu vilivyomo uani mwako. Hivyo vya kutunga ndivyo vitakavyowachekesha hadi wasahau kugombana.

Kisha walaze chali watazame juu, kwani giza la umeme uliokatika ndilo linaloonyesha nyota vizuri kuliko usiku wowote wenye taa. Mwezi huu wa Desemba, giza likishaingia, tazameni upande wa mashariki mtaona kikundi kidogo cha nyota zilizosongamana kama vifaranga. Hicho ndicho Kilimia, ambacho jina lake latokana na kulima. Wengi huhesabu nyota sita. Mwenye macho makali hupata saba au zaidi, na utaona mashindano yenyewe. Nyota inayong'aa kwa utulivu bila kumetameta ni sayari: Zuhura, ambayo haionekani ila magharibi baada ya jua kuzama au mashariki kabla halijachomoza, au Mshtarii, ambayo huweza kuwa hata katikati ya anga usiku wa manane. Msalaba wa Kusini subirini hadi Aprili na Mei, jioni, mkitazama kusini.

Waambie pia usemi wa wazee wa Pwani: "Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua; kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua." Kila wiki mtakiona kimesogea magharibi zaidi saa ileile, hadi mwanzoni mwa Mei kitakapozama pamoja na jua na kutoweka, na mwezi wa Juni kitarudi mashariki wakati wa alfajiri. Mpe mjukuu mkubwa kipande cha mkaa, na jioni ya mwisho watakayokiona aandike tarehe kwenye ukuta wa jikoni, pamoja na neno moja, jua au mvua, kisha wamgawie zamu anayewahi kuamka asubuhi wa kukisubiri kirudi.